Kichujio cha pakiti hakiongezi kasi ya intaneti

Katika steshenari na ofisi ndogo, iwe Masasi, Mtwara mjini au Lindi, laini moja ya intaneti inaweza kugawanywa kwa kompyuta kadhaa kupitia ruta ya Linux. Wengi wanaamini kwamba ukishaandika kichujio kwa tc, amri ya Linux ya kudhibiti mtiririko wa data, pakiti (vipande vidogo vya data) ulizozichagua zitakwenda kasi. Dhana hiyo inaeleweka, maana kichujio ndicho kinachotaja kazi tunayoijali: simu ya video, fomu za wanafunzi, barua pepe.

Lakini kichujio huainisha tu. Husoma anwani, poti (namba inayotambulisha huduma) au alama iliyowekwa kwenye pakiti, kisha huielekeza kwenye daraja lake, yaani kundi lenye kiwango chake cha kasi, kama karani wa stendi anayemwonyesha abiria basi la Newala. Anayeamua nani atoke kwanza, na kwa kiwango gani, ni mpangafoleni, sehemu ya Linux inayopanga foleni za pakiti, kwa mfano ule uitwao HTB (Hierarchical Token Bucket). Naye hushughulikia pakiti zinazotoka kwenye ruta. Ndiyo maana upakuaji hudhibitiwa kwenye kiolesura (mlango wa mtandao wa ruta) kinachoelekea kompyuta za ndani, ambako pakiti zilizopakuliwa hutokea. Tena foleni lazima iundwe kwenye ruta yako: weka kikomo chini kidogo ya kasi halisi ya laini, la sivyo pakiti zitarundikana kwenye modemu au kwa mtoa huduma, ambako madaraja yako hayana nguvu.

Kuhakiki ni rahisi. Mtu akiwa anapakua faili, andika `tc -s class show dev eth0`, ukiweka jina la kiolesura chako cha ndani mahali pa eth0. Baiti zikiongezeka kwenye daraja ulilokusudia, kichujio kinalingana. Zikiongezeka kwenye daraja la chaguo-msingi, yaani la pakiti zisizolingana na kichujio chochote, sharti la kichujio chako halijazipata. Na HTB isipopewa daraja hilo, pakiti zisizolingana hupita bila kikomo.