Glaida ni nini?

Glaida ni ndege isiyo na injini. Kinachoipeleka mbele ni uzito wake yenyewe: ikiachiwa kutoka mahali pa juu, inashuka polepole huku ikisonga, na hewa inayopita kwenye mabawa yake inaibeba isiporomoke. Hewa ikiwa imetulia, glaida hushuka tu. Ili ipande, sharti ikute hewa inayoinuka kwa kasi kuliko inavyoshuka yenyewe, mathalani upepo uliogonga mteremko au joto linalopanda kutoka ardhini. Mwewe anayezunguka mchana kutwa bila kupiga mbawa anatumia hewa hiyohiyo.

Glaida za mwanzo zilikuwa kazi ya mikono ya watu wa ridhaa. Anayejulikana zaidi ni Otto Lilienthal, mhandisi Mjerumani aliyekuwa na kiwanda cha boila na injini za mvuke mjini Berlin. Alianza kuruka mwaka 1891. Mabawa yake yalikuwa fito za mwerebi zilizowambwa kitambaa cha pamba, yote pamoja kama kilo 20 hivi. Mwaka 1894 alijengesha kilima cha mita 15 huko Lichterfelde, apate pa kurukia upepo uvume utokako. Aliruka mara zipatazo 2,000, na safari ndefu zaidi zilifika mita 250. Tena aliuza glaida zake. Mnunuzi mmoja alikuwa Mwingereza Percy Pilcher.

Tatizo lilikuwa kuiongoza. Lilienthal alijishikiza kwa mikono, kiwiliwili kikining'inia chini, na akitaka kugeuka au kusawazisha alirusha miguu upande mmoja. Kwa upepo mwanana ilitosha. Tarehe 9 Agosti 1896, karibu na Stölln, pua ya glaida iliinuka ghafla, mabawa yakaacha kubeba, akaanguka na kuvunjika shingo. Alifariki kesho yake. Pilcher naye alikufa mwaka 1899, mkia wa glaida yake ulipovunjika angani.

Ndugu Wright wa Marekani, mafundi baiskeli, waliona kwamba mwili wa rubani haufai kuwa usukani. Katika glaida yao ya 1902, rubani alilala kifudifudi, na akisogeza nyonga, waya zilisokota ncha za mabawa na kugeuza usukani wa mkiani. Mbele palikuwa na ubao wa kuinua na kushusha pua. Huko Kitty Hawk waliruka nayo mamia ya mara, safari moja ikichukua sekunde 26. Injini ilikuja mwaka uliofuata.