Gavana wa Kura za Bunge: Virginia, 1776 hadi 1851

Katiba ya Virginia, jimbo la Marekani, iliyopitishwa tarehe 29 Juni 1776 haikumpa mwananchi kura ya gavana. Kura hiyo ilikuwa ya wabunge, na ilipigwa kila mwaka. Gavana aliweza kurudishwa hadi mihula mitatu mfululizo, kisha alilazimika kukaa kando miaka minne. Wengi wakisoma hapo husema basi, ndiyo maana alikuwa dhaifu. Mimi nasema tatizo kubwa halikuwa nani alipiga kura. Lilikuwa ule muhula wa mwaka mmoja, pamoja na sharti la kushauriana na Baraza la Dola la watu wanane, nao pia wateule wa Bunge. Gavana hakuwa na turufu ya kukataa mswada wala uwezo wa kuvunja Bunge.

Tuanze na sanduku lenyewe. Bunge lilikuwa na vyumba viwili: Baraza la Wajumbe, ambako kila kaunti ilipeleka wajumbe wawili, na Seneti ya watu 24. Majina yalipendekezwa, na vyumba vikapelekeana ujumbe ili kila upande ujue wanaoshindanishwa. Kila mbunge aliandika jina kwenye kikaratasi na kukitumbukiza katika sanduku la chumba chake. Hawakukusanyika ukumbi mmoja. Masanduku yalipelekwa kwenye chumba cha mashauriano, kamati ya pande zote mbili ikayafungua na kuhesabu, kisha ikarudi kutoa taarifa kwa kila chumba.

Kura zilijumlishwa pamoja, kila kichwa kura moja. Maseneta 24 walimezwa na wajumbe zaidi ya 100, lakini kwa njia hiyo chumba kimoja hakikuweza kukwamisha kingine. Ukitaka kuona hatari ya kutojumlisha, tazama New York mwaka 1789. Vyumba vyake viwili vilishindwa kukubaliana namna ya kuwateua wajumbe wa kumchagua rais, na jimbo zima likakosa kura katika uchaguzi wa kwanza wa rais wa Marekani.

Hesabu ya tarehe 1 Juni 1779 inastahili kutazamwa kwa karibu. Patrick Henry alikuwa amemaliza mihula yake mitatu. Duru ya kwanza Thomas Jefferson alipata kura 55, John Page 38, Thomas Nelson 32. Jumla ni 125, nusu inavukwa kwa 63, na hakuna aliyeifikia. Nelson akatoka, kura ikarudiwa: Jefferson 67, Page 61. Angalia nyongeza: Page aliongeza 23, Jefferson 12 tu. Yaani waliompenda Nelson yaelekea wengi walimwendea Page, na kama wanne zaidi wangemhama Jefferson, Page ndiye angekuwa gavana. Katika kura ya bunge, aliyeshika nafasi ya tatu ndiye mwenye funguo.

Ubovu wa muhula wa mwaka mmoja ulionekana wazi mwaka 1781, katika vita vya uhuru dhidi ya Uingereza. Muhula wa Jefferson uliisha tarehe 2 Juni, Bunge likiwa Charlottesville limekimbia majeshi ya Uingereza, na mrithi hajachaguliwa. Asubuhi ya tarehe 4 wapanda farasi wa Banastre Tarleton, afisa wa Uingereza, waliukaribia mji. Wajumbe walishusha akidi hadi watu 40, wakavuka milima kwenda Staunton. Jefferson alihesabu kazi yake imekwisha. William Fleming, mjumbe wa Baraza la Dola, akashikilia shughuli hadi tarehe 12, Bunge lilipomchagua Jenerali Thomas Nelson. Siku kumi za vita bila gavana, kwa sababu tu tarehe ilifika na wapiga kura wametawanyika!

Siku hiyohiyo ya tarehe 12 wajumbe waliagiza mwenendo wa Jefferson uchunguzwe, Desemba wakamsafisha. Nelson naye, katika harakati za vita vya Yorktown, alitoa amri bila ushauri wa Baraza. Alijiuzulu Novemba akiwa mgonjwa, na Bunge likalazimika kutunga sheria ya kuhalalisha alichofanya. Lilikuwa Bunge lilelile lililomchagua na lililoweza kumhoji.

Katiba ya 1830 ilirefusha muhula hadi miaka mitatu na kulipunguza Baraza hadi watu watatu, ila uchaguzi ukabaki bungeni. Georgia, North Carolina, Maryland na New Jersey ziliiacha njia hiyo kabla ya 1850. South Carolina iliing'ang'ania hadi 1865. Virginia ilibadilika kwa katiba ya 1851. Joseph Johnson, ambaye tayari alikuwa amechaguliwa na Bunge, alisimama tena Desemba mwaka huo mbele ya wapiga kura, yaani wanaume weupe watu wazima, akamshinda George W. Summers.