Kodi ya klabu za New South Wales: yanayosemwa na yaliyotokea

Mtajie Mswahili neno klabu, naye ataona taa za disko au kilabu cha pombe ya kienyeji. Ndiyo maana kila nikiwasimulia ndugu zangu wa Mwanza habari za vuguvugu la kupinga kodi ya klabu hapa Sydney, Australia, swali lao la kwanza ni lile lile: inakuwaje umma usimame kutetea mahali pa kulewea? Swali hilo limejengwa juu ya dhana potofu, na dhana hiyo haiko peke yake. Hata wenyeji wa hapa, walioweka saini zao kwa mikono yao, wengi husimulia mambo yasiyolingana na yaliyotokea.

Klabu iliyosajiliwa katika jimbo la New South Wales haina tajiri. Ni mali ya wanachama, wanaolipa ada ndogo na kuchagua wakurugenzi wao, na faida yake haigawiwi mtu mmoja mmoja. Nyingine zilianzishwa na wapenzi wa raga, nyingine na wafanyakazi wa viwandani, nyingine na wahamiaji wa Kiitaliano, nyingine na askari waliorudi kutoka vitani. Ile iliyo karibu nami ni ya hao askari. Mlangoni unaonyesha kadi, au unaandika jina na anwani kama wewe ni mgeni. Ndani kuna chakula cha mchana cha bei nafuu ambacho wazee wengi wa mtaa hukitegemea, kuna chumba cha mazoezi, na ukumbi wa juu ambako nimekula pilau katika harusi za Wakongo wenzetu zaidi ya mara moja.

Saa kumi na mbili kamili jioni taa hupunguzwa. Watu wanaweka uma chini na kusimama. Sauti inasoma maneno machache ya kuwakumbuka waliokufa vitani, na ukumbi mzima unaitikia. Halafu kimya. Katika kimya kile, nyuma ya ukuta wa kioo, mashine za kamari zinaendelea kumetameta zenyewe bila mtu kuzigusa. Ni zile ambazo Waaustralia huziita pokies, na ambazo vijana wa Dar wangeziita dubwi. Picha hiyo ndiyo inayonijia kila kodi hii inapotajwa.

Kwa asiyejua kisa: mwaka 2003 serikali ya jimbo iliyoongozwa na Bob Carr wa chama cha Labor, kupitia mweka hazina wake Michael Egan, ilitangaza kupandisha kodi ya mashine hizo katika klabu. Nyongeza ingepanda ngazi kwa ngazi kwa miaka 7 kuanzia Septemba 2004, hadi klabu zenye mapato makubwa kabisa zifikie kiwango cha karibu asilimia 40. Umoja wa klabu, ClubsNSW, ukaanzisha upinzani ulioenea jimbo zima.

"Serikali iliitoza klabu kodi"

Hii ndiyo dhana iliyobeba vuguvugu zima, na inapotosha kuliko zote. Kodi ile haikugusa ada ya uanachama, wala kiwanja cha nyasi, wala sahani ya samaki na chipsi. Ilitozwa kwenye mashine, yaani kwenye fedha zinazobaki baada ya mashine kumeza za wachezaji na kuwarudishia washindi chao. Klabu isiyokuwa na mashine haikuhusika hata kwa senti. Na kwa kuwa viwango hupanda kadiri mapato yanavyokua, mzigo mzito uliwekwa kwa wakubwa. Kwa viwango vya sasa, dola milioni 1 za mwanzo ambazo klabu inazipata kwenye mashine kwa mwaka hazitozwi kabisa kodi hiyo ya jimbo.

Kwa nini basi watu waliisikia kama kodi ya klabu? Kwa sababu klabu na mashine zilikwisha kuwa kitu kimoja. New South Wales iliruhusu mashine hizi katika klabu mwaka 1956, na kwa miaka 40 baa za kawaida hazikuruhusiwa kuwa nazo. Ndizo zilizojenga majengo. Ndizo zilizofanya chakula kiwe rahisi na bia iwe ya bei ya kirafiki. Mtu aliyekulia katika hali hiyo, ukimwambia unaipunguza mashine, anasikia unampunguzia sahani. Simlaumu. Lakini sahani ile ililipiwa na mtu mwingine, aliyekaa nyuma ya kioo.

"Klabu hazilipi kodi ya mapato kwa upendeleo tu"

Hii husemwa na upande wa pili, nayo ina kasoro yake. Hapa inafaa tutulie kidogo, maana Mswahili ana njia nzuri ya kulielewa jambo hili kuliko Mzungu.

Fikiria kikundi chenu cha upatu. Mko 12, kila mwezi kila mmoja anatoa 50,000, na mwezi wa zamu yako unapokea 600,000. Je, umepata kipato cha 600,000? Hasha. Ni fedha zenu zinazozunguka kati yenu. Sheria za kodi zilizotokana na Uingereza zimelikubali wazo hilo kwa muda mrefu: watu wakichanga kwa ajili yao wenyewe, ziada inayobaki si mapato. Mahakama Kuu ya Australia ililithibitisha mwaka 1918 katika kesi ya Bohemians Club ya Melbourne. Kenya nayo ina tawi la mti huo huo. Kwa muda mrefu kifungu cha 21 cha Sheria yake ya Kodi ya Mapato kiliweka kipimo cha robo tatu: klabu ya wanachama iliyopata angalau robo tatu ya mapato yake kutoka kwa wanachama wenyewe, haikuhesabiwa kuwa inafanya biashara.

Fedha za mgeni ni habari nyingine. Mwaka 1913, katika kesi ya klabu ya gofu ya Carlisle and Silloth huko Uingereza, ilikatwa kwamba kiingilio cha wageni waliokuja kucheza ni mapato ya kawaida yanayotozwa. Hapa Australia, tangu kesi ya klabu ya raga ya Waratahs ya mwaka 1979, kuna kanuni ya hesabu ya kutenganisha fedha za wanachama na za wageni. Kwa hiyo klabu hulipa kodi ya mapato kwenye sehemu ya wageni. Huilipa serikali ya shirikisho kule Canberra, si serikali ya jimbo. Wengi waliokuwa wakibishana mwaka 2003 walizichanganya kodi hizi mbili, na hata magazetini zilichanganywa.

Swali langu linabaki kwenye upatu. Upatu una zamu: leo wangu, kesho wako. Mwanachama anayekaa mbele ya mashine tangu jioni hadi usiku wa manane na kuacha mshahara wa wiki, zamu yake ya kupokea ni lini? Tume ya Australia ya kuchunguza uzalishaji, katika ripoti yake ya mwaka 2010, ilikadiria kwamba kiasi cha asilimia 40 ya fedha zinazotumika kwenye mashine hizi hutoka kwa watu ambao kamari imeshawaharibia maisha. Kuziita fedha hizo mchango wa wanachama kwa wanachama ni kulitumia vibaya neno mchango, na kwangu mimi ni neno lenye heshima.

"Egan alikuwa anapambana na kamari"

Wapo waliompenda kwa hilo, wapo waliomchukia kwa hilo, na wote walikosea. Alikuwa anatafuta fedha. Majimbo ya Australia yaliiachia serikali ya shirikisho kodi ya mapato tangu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1997 Mahakama Kuu, katika kesi iliyoihusu New South Wales yenyewe, ikabatilisha ada ambazo majimbo yalikuwa yakikusanya kwenye tumbaku, na kwa mantiki hiyo hiyo zile za petroli na pombe zikaanguka pia. Kamari ikabaki miongoni mwa vyanzo vichache ambavyo jimbo linaweza kuvifikia bila kuomba ruhusa. Na serikali hiyo hiyo ya Carr ndiyo iliyoziruhusu hoteli zenye baa kuweka mashine hizi mwaka huo wa 1997. Anayetaka kupunguza kamari hafungui mlango wa pili.

Wenye baa, nao, wamekuwa wakitozwa kiwango kikubwa kuliko klabu kabla na baada ya 2003. Jambo hilo halikuandikwa kwenye mabango.

"Wananchi waliinuka wenyewe" na "wananchi walitumiwa tu"

Ziko dhana mbili hapa, na kila upande umeshika yake.

Nilikuwa mgeni nchini wakati huo. Nakumbuka meza ndogo ya kukunjwa kwenye mapokezi ya klabu, karatasi za saini juu yake, na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiondoke na mtu. Ukutani, bango likiwataka wanachama waokoe klabu yao. Mezani alikaa mzee jirani yangu, fundi bomba mstaafu, aliyenishika mkono na kuniuliza kama nimeshasaini. Karatasi hakuichapa yeye, na bango hakulibuni yeye. Kampeni ilikuwa na ofisi, wataalamu na fedha, na fedha hizo zilitoka mle mle kwenye mashine. Hilo ni kweli na lisifichwe.

Lakini mzee yule hakuwa amekodiwa. Mke wake alikuwa amefariki, na watu aliokula nao mchana walikuwa watu wa pale. Hofu yake ilikuwa halisi. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba uso wake, uso wa mzee wa klabu ndogo ya mtaa, ndio uliowekwa mbele, ilhali kiwango cha juu kabisa kilizilenga klabu zinazoingiza zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka kwenye mashine. Yeye alisaini kwa ajili ya meza yake ya chakula. Saini ikaenda kutetea majengo yenye ghorofa za kuegesha magari.

"Fedha za klabu kwa jamii ni zawadi"

Jezi za watoto wetu zina nembo ya klabu kifuani, na kila msimu kuna picha ya kukabidhiana hundi. Tangu 1998 upo utaratibu ambao klabu zinazopata zaidi ya dola milioni 1 kwenye mashine hutumia asilimia ndogo ya kiasi kinachozidi hapo, mwanzoni 1.5, kwa miradi ya jamii, na kiasi hicho hupunguzwa kwenye kodi yao. Maana yake, sehemu kubwa ya hundi ile ni kodi ambayo jimbo limesamehe. Jezi ni nzuri na watoto wamezifurahia. Basi wazazi wajue pia kwamba fedha hizo zingeingia hazina yao wenyewe.

"Maandamano ya klabu yalikuwa yale ya 2011"

Hapana. Yale yalihusu mpango wa shirikisho wa kumlazimisha mchezaji atangaze kabla ya kucheza kiasi anachokubali kupoteza, mpango uliotokana na makubaliano ya waziri mkuu wa wakati huo, Julia Gillard, na mbunge Andrew Wilkie wa Tasmania. Gillard aliuacha Januari 2012. Kodi haikuwamo.

"Upinzani ulishinda" au "ulishindwa"

Kodi ilianza kupanda kama ilivyopangwa mwaka 2004. Egan aliondoka madarakani Januari 2005, Carr akafuata Agosti mwaka huo baada ya miaka 10 ya kuongoza, na kodi haikuondoka nao. Kilichobadilika ni kwamba Morris Iemma, mrithi wa Carr, alitia saini makubaliano na klabu mwaka 2006, uchaguzi wa 2007 ukiwa unabisha hodi. Ngazi za juu zikapunguzwa, na ile karibu asilimia 40 haikufikiwa. Kwa hiyo klabu zilipata nusu ya walichotaka, na waliofaidika zaidi ni wale ambao wangebanwa na ngazi zilizoondolewa.

"Kodi ndiyo iliyoua klabu ndogo"

Hii naisikia mpaka leo, na nina sababu ya kuikataa. Klabu za mtaa zilizofungwa ni nyingi, hilo halina ubishi. Lakini mchezo wa kubingirisha mipira kwenye nyasi ulikuwa unapoteza wachezaji kabla ya bajeti ya Egan, wanachama wanazeeka, ardhi ya Sydney inapanda bei, na klabu kubwa iliyo hatua chache kutoka hapo ina chakula bora na mashine mara 10 zaidi. Nyingi hazikufa, ziliungana na kubwa.

Ya mzee jirani yangu ilikuwa mojawapo. Alipiga kura kukubali muungano, kwa sababu aliahidiwa kwamba kiwanja kingebaki. Kilibaki miaka michache. Sasa pana maegesho ya magari, na ukipita jioni utaona mstari mwembamba wa nyasi kandokando ya lami, pale mashine ya kuchonga barabara isipofika.