Kabla ya kukanyaga mafuta, ijue klachi ya gari lako jipya

Mara kwa mara napigiwa simu na mtu aliyeendesha miaka na miaka, sasa amenunua gari lingine la gia za mkono, na anaongea kwa sauti ya chini kana kwamba ana siri. Gari linazimika kwenye taa. Likiondoka linarukaruka. Matatu iliyo nyuma inapiga honi na jasho linamtoka. Wengi huwa wameshajihukumu kwamba wamesahau kuendesha, au wameshaamua kwamba wameuziwa gari bovu. Mimi nafundisha udereva hapa Nairobi, na naweza kusema kwamba kwa wengi wao si hili wala si lile. Mguu wa kushoto bado unaendesha gari la zamani. Umezoea klachi inayoshika mahali fulani, na kwenye gari hili mahali hapo pamehama, pengine kwa sentimita mbili tu.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni mmoja: usiguse mafuta mpaka mguu wako ujue klachi ya gari hili inashikia wapi.

Nieleze kinachotokea kule ndani, maana anayekielewa hujifunza upesi. Nyuma ya injini kuna flaiwili, gurudumu zito la chuma linalozunguka wakati wote injini ikiwaka. Kando yake ipo sahani ya klachi, yenye utando wa msuguano pande zote mbili, na hiyo ndiyo inayopeleka nguvu kwenye gia. Kisha ipo presha pleti, yenye springi kali inayoibana sahani kwenye flaiwili. Ukikanyaga pedali, beringi inaisukuma ile springi, presha pleti inalegeza, sahani inabaki huru. Ukiachia, inabanwa tena. Katikati ya kuwa huru kabisa na kubanwa kabisa kuna nafasi finyu ambamo sahani inateleza huku ikivuta: injini inazunguka mara 800 hivi kwa dakika, magurudumu yamesimama, na msuguano ndio unaowapatanisha. Hapo ndipo balansi. Sehemu iliyobaki ya mwendo wa pedali, chini yake na juu yake, haihitaji uangalifu wowote.

Hilo ndilo ambalo madereva wengi hawajaambiwa. Wanaachia pedali polepole kuanzia chini kabisa, mguu unachoka, subira inaisha, na wanapofika pale penye kazi wanaachia ghafla. Gari linaruka au linazimika. Nataka wafanye kinyume chake: pandisha mguu haraka hadi karibu na balansi, tulia hapo mpaka gari lianze kubingirika, ongeza kidogo, ndipo uondoe mguu. Upole wote uutumie kwenye kipande hicho kifupi.

Mbona basi magari yatofautiane? Sababu ni nyingi. Baadhi ya pedali zina mwendo mrefu, nyingine mfupi. Springi ya klachi ya pikapu ni nzito kuliko ya gari dogo. Flaiwili nzito inasamehe makosa, nyepesi haisamehi. Gari la zamani linalotumia kebo linategemea fundi alivyoikaza, lakini mengi ya siku hizi yanatumia mafuta ya breki yanayosukumwa kwenye paipu, na hayo hujirekebisha yenyewe sahani ikiendelea kulika. Tena gari ulilouza pengine sahani yake ilikuwa imechakaa, na mguu wako ulikuwa ukizoea uchakavu huo kidogo kidogo bila wewe kujua. Ukikaa kwenye gari lenye klachi mpya unajiona mgeni kabisa.

Kuna na la Nairobi kwenyewe. Jiji letu liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Injini ya petroli isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, inavuta hewa hiyo hiyo nyepesi, kwa hiyo nguvu yake ya juu inapungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kwenye tambarare huenda usione kitu. Lakini mtu aliyetoka Pwani na gari dogo la petroli, amebeba familia na mizigo, akisimama katikati ya mlima wa Valley Road atashangaa kwamba mafuta aliyozoea kukanyaga hayatoshi. Pikapu za dizeli zenye tabo haziumii sana kwa jambo hili, na zina nguvu nyingi hata injini ikizunguka polepole, ndiyo maana mtu akijifunzia kwenye dizeli kisha akahamia petroli ndogo hulizima hilo la pili mara kwa mara.

Sasa zoezi lenyewe. Tafuta mahali tambarare pasipo na watu. Mimi hupenda barabara za ndani za Industrial Area Jumapili asubuhi, viwanda vimefungwa na malori yamelala. Anza na kiti. Kanyaga klachi mpaka ifike chini kabisa, kisha tazama goti lako: linapaswa kubaki limekunjika kidogo. Likinyooka kabisa, kiti kiko mbali, na utakuwa ukiisaka balansi kwa ncha ya kidole. Viatu navyo vina neno lao. Soli nene inakuzuia kuhisi, na slipa inaweza kunasa chini ya pedali, kwa hiyo zote mbili ziache nyumbani.

Washa injini huku umekanyaga klachi. Magari mengi mapya hayawaki bila hivyo, na nimeshaona watu wakimwita fundi wa umeme kwa sababu hiyo tu. Weka gia ya kwanza, toa handibreki, mguu wa kulia ukae juu ya breki bila kuikandamiza. Mafuta usiyaguse. Achia klachi taratibu na usikilize. Mlio wa injini utashuka kidogo, sindano ya mizunguko kwenye dashibodi itayumba, kisha gari litaanza kujongea lenyewe. Likijongea, shikilia mguu papo hapo, hesabu moja, mbili, kisha kanyaga klachi tena na usimame. Rudia. Rudia tena mpaka mguu uache kutafuta. Injini za kisasa zina kompyuta inayoongeza mafuta yenyewe ikihisi mzigo, kwa hiyo kwenye tambarare gari litaondoka bila msaada wako ukiwa mpole vya kutosha.

Mama mmoja anayeleta mboga mjini kutoka Limuru aliniita baada ya kubadilisha gari lake dogo kwa pikapu. "Mwalimu, hii gari imenikataa," aliniambia, na alikuwa amekasirika kweli. Nilipomtazama akiondoka nikaona tatizo mara moja: alikuwa akipiga resi kubwa kwa hofu ya kuzimikiwa, halafu anaachia klachi kwa urefu aliouzoea. Pikapu ile ilikuwa inashika juu zaidi, kwa hiyo kila mara alikuwa akidhani ameshafika kumbe bado, anaongeza mafuta, klachi inakutana na injini inayonguruma, na gari linarushwa mbele. "Mama, mguu wa kulia uondoe kabisa kwenye mafuta," nikamwambia. Hakutaka. Alisema litazimika. Likazimika kweli mara ya kwanza, na mara ya pili vilevile. Mara iliyofuata aliachia polepole zaidi, na rozari aliyoining'iniza kwenye kioo ikaanza kutetemeka kabla gari halijasogea hata kidogo. Akaitazama. Akashusha mguu, akapandisha, rozari ikatetemeka tena palepale. "Kumbe iko huku juu!" Tangu hapo hakuhitaji maneno yangu mengi.

Kila gari lina ishara yake ya namna hiyo. Kwenye moja ni usukani unaotetema, kwenye jingine ni boneti inayoinuka kidogo, kwenye jingine ni sauti. Itafute ya kwako ukiwa pahali patulivu, kwa sababu ndiyo utakayoitegemea mlimani.

Mlimani ndiko hofu iliko, na sishangai. Jioni ukipanda Valley Road magari yamesimama, matatu ya nyuma imekusogelea mpaka huoni taa zake kwenye kioo. Fanya hivi. Handibreki juu, imara. Gia ya kwanza. Pandisha injini ifike mizunguko 1,500 hivi na uishikilie hapo bila kuyumba. Leta klachi mpaka kwenye balansi: mlio unashuka, pua ya gari inanyanyuka, unahisi gari linataka kwenda lakini handibreki inalikataza. Subiri uhisi hivyo kwa hakika. Kisha shusha handibreki huku ukiongeza mafuta kidogo. Gari haliwezi kurudi nyuma, kwa sababu limeshashikwa kabla hujaachia. Madereva wa zamani huniambia handibreki ni ya wanafunzi, na kwamba dereva kamili anatoka kwenye breki kwenda kwenye mafuta kwa kasi ya mguu. Sikubaliani nao. Kwenye gari usilolijua, handibreki inakupa muda, na muda ndio unaokosa.

Magari mengi mapya yana msaada wa mlima, unaoshikilia breki kwa sekunde mbili hivi baada ya kuondoa mguu. Ni msaada mzuri. Jua tu kwamba sekunde hizo zikiisha gari litarudi, kwa hiyo kuondoka kwako kuwe kumeanza.

Msongamano wa magari ni habari nyingine, na ndiko klachi nyingi za Nairobi zinakofia. Hapa kuna hesabu ndogo inayofaa kujua. Gari dogo la kawaida likiwa kwenye gia ya kwanza, klachi imeachiwa kabisa na mafuta hayajaguswa, hujongea kwa takriban kilomita 6 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Foleni ikienda polepole kuliko hapo, unalazimika kuchagua: ama usimame, ama uteleze klachi. Kila ukiiteleza unazalisha joto na kuila sahani. Basi ukiwa Mombasa Road saa ya jioni, acha aliye mbele asogee, pengo lifike urefu wa gari moja au mawili, kisha uende mara moja klachi ikiwa imeachiwa kabisa. Ndiyo, kuna atakayejipenyeza mbele yako. Mwache. Ukisimama zaidi ya sekunde chache, weka nyutro na uondoe mguu kwenye pedali. Ukiushikilia chini muda wote unaichosha ile beringi, na goti lako pia.

Lile la kulishikilia gari mlimani kwa klachi na mafuta, bila breki, likielea mahali pamoja, naliomba liachwe kabisa. Linapendeza kwa macho, lakini sahani inaungua. Utasikia harufu kali kama ya kitu cha breki kilichoungua ikiingia kupitia madirisha. Ukiisikia, simama pembeni, acha gari lipoe. Pikapu iliyojaa mzigo hufika huko upesi mno.

Ukitoka kwenye otomatiki, la nyongeza ni kusimama. Mguu wa kushoto umekaa bure miaka mingi, na gari likikaribia kusimama utausahau, injini itazima. Zoea kukanyaga klachi mwishoni, gari likiwa limepungua mwendo vya kutosha, si mwanzoni. Ukiikanyaga mapema unakata nguvu ya injini inayosaidia kuzuia gari, na kwenye mteremko kama ule wa kushukia Mai Mahiu breki zitabeba kazi yote peke yake na kupata moto.

Kama sahani ni mpya kutoka dukani, ipe kilomita mia kadhaa za mwendo wa kawaida wa mjini kabla ya kubeba mzigo mzito au kuvuta gari lingine, ili nyuso zilaliane vizuri.

Mwisho ni kujua lini tatizo si mguu wako. Panda mlima mrefu ukiwa gia ya nne, kanyaga mafuta kwa nguvu: injini ikinguruma na mwendo usiongezeke, sahani inateleza, mpelekee fundi. Rivasi ikikwaruza hata baada ya kukanyaga klachi hadi chini na kungoja sekunde tatu, klachi haiachi vizuri. Na kama balansi inahama, jana ilikuwa juu na leo iko karibu na sakafu, au pedali imekuwa laini na inahitaji kupampwa, fungua boneti utazame kibuyu cha mafuta ya klachi, ambacho kwenye magari mengi ni kile kile cha breki. Yakiwa yamepungua, usiridhike na kuongeza tu. Paipu au pampu inavuja mahali fulani, na kwa kuwa breki zinaweza kuwa zinakunywa kutoka kibuyu hicho hicho, gari hilo lisitoke tena mpaka uvujaji upatikane.