Ile picha ya "jela ya wafanyakazi" wala sio jela

Mmeshaiona hii kwenye magrupu, ukumbi mkubwa wenye paa la vioo, roshani ghorofa juu ya ghorofa, na maneno ati hapa ndo tajiri mmoja Ufaransa alikua anawafungia wafanyakazi wa kiwanda chake. Jamani, ile ni Familistère, majengo ya makazi ya wafanyakazi na familia zao, iko mji wa Guise, kaskazini mwa Ufaransa. Ilianza kujengwa 1859 na mwenye kiwanda cha majiko ya chuma, na waliokaa mle walikua wapangaji, wanalipa kodi, kila familia na nyumba yake. Walikua na shule, duka, thieta, na bwawa ambalo sakafu yake ya mbao inapanda na kushuka ili watoto wajifunze kuogelea bila kuzama (hiyo mi ndo imeniacha hoi). 1880 kiwanda na majengo vikawa vya ushirika, mpaka 1968.

Kuchanganya naelewa, roshani zile kweli zinafanana na jela, halafu kulikua na sheria za usafi na faini, na jirani anakuona ukitoka ukiingia, si kila mtu angependa maisha hayo. Ila we izoom picha: madirisha yanaangalia ukumbini, hamna nondo. Au itafute kwa picha gugo, dakika moja tu. Ikikufikia tena usiiforwadi, mwambie aliyetuma kistaarabu tu. Leo pana makumbusho, unakata tiketi unaingia, na kuna watu bado wanaishi humo humo.