Shabaha Bila Darubini

Zikitajwa habari za wadunguaji wa vitani, wengi huuliza kwanza aliua wangapi. Sisi tunaofundisha historia ya vita tunaona hesabu hiyo haielezi mengi. Heri kutazama jinsi mtu alivyolala kwenye theluji.

Simo Häyhä alikuwa mkulima na mwindaji kutoka Rautjärvi, Ufini, mwenye kimo cha sentimita 160 hivi. Umoja wa Kisovieti ulipoivamia nchi yake tarehe 30 Novemba 1939, alipigana katika eneo la Kollaa, ambako baridi ilishuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Hakutaka darubini kwenye bunduki yake. Anayeitumia hulazimika kuinua kichwa zaidi, na inchi chache zinatosha kumwonyesha kwa adui. Tena kioo hushika ukungu kwenye baridi, na jua likikipiga humetameta. Theluji iliyo mbele ya mtutu aliishindilia ikawa ngumu, ili mshindo wa risasi usiitimue. Nyingine aliitia mdomoni, pumzi yake isifuke ikaonekana. Maarifa hayo ni ya mtu aliyekulia katika kuvizia wanyama msituni. Alipoulizwa uzeeni siri ya shabaha yake, alijibu kwamba ni mazoezi.

Anatajwa kuua zaidi ya watu 500, ingawa wanahistoria bado wanabishana juu ya idadi kamili. Tarehe 6 Machi 1940 risasi ilimpasua taya. Alizinduka tarehe 13, siku mapigano yalipokoma. Alifanyiwa upasuaji mara nyingi, akarudi kwenye kilimo na uwindaji, akafariki mwaka 2002 akiwa na miaka 96.

Lyudmila Pavlichenko, mdunguaji wa Umoja wa Kisovieti, naye alikuwa akisoma historia katika Chuo Kikuu cha Kyiv Wajerumani walipoivamia nchi yake mwaka 1941. Alikataa kazi ya uuguzi, akaomba bunduki. Mapigano ya miji ya Odessa na Sevastopol yalimpa sifa ya kuangusha maadui 309. Alipojeruhiwa mwaka 1942 aliondolewa vitani, akatumwa Marekani kuomba msaada. Kule, wanahabari walimwuliza habari za vipodozi na urefu wa sketi yake! Naona ujasiri wake mkubwa ulidhihirika Chicago, aliposimama mbele ya umati, binti wa miaka ishirini na ushee, akawauliza wanaume waliokuwepo kama hawaoni kwamba wamejificha nyuma ya mgongo wake muda mrefu mno.