Kupangisha nyumba chumba kwa chumba: maana yake na hesabu zake

Kupangisha chumba kwa chumba ni kumpa kila mpangaji chumba chake, ufunguo wake na mkataba wake, huku choo, bafu, jiko na ua vikitumiwa na wote. Malindi mpango huu una makao tayari: nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande na ua nyuma haihitaji kubomolewa hata ukuta mmoja.

Wengi huvutiwa na hesabu ya juujuu. Tuseme nyumba iko Barani, vyumba sita, kila kimoja shilingi 5,000: vikijaa ni 30,000 kwa mwezi. Nyumba hiyohiyo ukiipa familia moja, tuseme utapata 18,000. Lakini vyumba havijai mwaka mzima. Chumba kimoja kikikaa kitupu, zimebaki 25,000, yaani 300,000 kwa mwaka. Hapo umeshavuka 288,000, kiwango ambacho KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, huanza kutoza ushuru wa mapato ya nyumba za makazi: asilimia 7.5 ya kodi yote uliyopokea, bila kutoa gharama, tangu Januari 2024. Ni 1,875 kila mwezi, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Toa tena kama 4,000 za maji, taa za ukumbi, usafi na choo. Unabaki na 19,125. Faida juu ya ile familia ni shilingi 1,125, na kazi imekuwa mara sita. Kwa hiyo mpango huu hulipa pale tu vyumba visipokaa vitupu, na kinachomhamisha mpangaji mara nyingi si chumba chake, ni vile vya kutumia pamoja.

Umeme kwanza. Mita moja ya tokeni kwa vyumba sita huleta ugomvi, kwa sababu mwenye friji na mwenye taa moja huchanga sawa. Kila chumba kifungwe mita yake ndogo. Maji: ukikadiria lita 50 kwa mtu kwa siku, na tuseme vyumba sita vina watu tisa, ni lita 450, basi tangi la lita 2,000 huwavusha siku nne mfereji ukikauka. Maji ya visima vya karibu na bahari huwa na chumvi, nayo hula mabomba ya chuma. Weka ya plastiki. Vyoo viwe viwili, na akiba ya gari la kunyonya maji taka iwepo, maana shimo la watu tisa hujaa haraka.

Usijaze nyumba wafanyakazi wa hoteli watupu. Masika yakianza, hoteli hupunguza watu na kodi za vyumba vyote huchelewa pamoja. Changanya na mwalimu, muuguzi, fundi.

Chumba cha shilingi 2,500 kushuka chini kiko chini ya sheria ya kudhibiti kodi za nyumba: huwezi kupandisha kodi wala kumtoa mpangaji bila amri ya baraza la kodi.

Na anayenunua nyumba kwa kazi hii aulize ardhi ni ya nani. Pwani nyumba yaweza kuwa yako na kiwanja kikawa cha mtu mwingine, ukamlipa kodi ya ardhi kila mwezi, na nyumba ya namna hiyo benki haiipokei kirahisi kuwa dhamana.